Jinsi ya kuediti video za kamera tofauti kwenye taimulaini moja, bila mashine kuganda na bila sauti kuuacha mdomo

Wadau wa video, hii ni ya kwenu, hasa nyie mnaofanya harusi, send-off, misiba na makongamano ya kanisani. Siku hizi kazi ya kamera moja ni nadra sana. Unakuta kuna Sony inazunguka na maharusi, kuna Canon ya zamani kwenye stendi nyuma ya ukumbi, kuna kamkoda inayorekodi sherehe mwanzo mwisho, droni ya DJI ilipiga pale nje wakati msafara unaingia, alafu dada wa bibi harusi ana iPhone na mjomba ana Tecno na wote wanakwambia "nimechukua sehemu nzuri sana, uiweke". Juu ya hapo kuna sauti umerekodi kwenye mikseri ya DJ. Vyote hivyo ukivimwaga kwenye taimulaini kama vilivyo, mashine inaanza kukwamakwama, hotuba ya baba mzazi inaanza vizuri ila dakika ya 10 mdomo unaenda huku sauti inaenda kule, na ngozi ya bwana harusi ni ya chungwa kwenye kamera hii na ya kijivu kwenye ile.

Msimamo wangu ni kwamba karibu shida zote hizo zinatatuliwa kabla hujakata klipu ya kwanza. Unaamua kipimo kimoja cha mradi mzima, alafu kila faili linaletwa kwenye hicho kipimo. Taimulaini sio mahali pa kugeuzia mafaili, ni mahali pa kukatia.

1. Nakili kadi nzima, usichague mafaili

Hapa wengi wanaharakisha. Kadi ya kamkoda ya AVCHD, zile za Sony Handycam na Panasonic, ndani ina folda inaitwa PRIVATE, ndani yake AVCHD, BDMV, alafu STREAM, na humo ndo kuna mafaili ya .MTS. Mtu anaingia moja kwa moja STREAM anachukua MTS anaacha vingine vyote. Usifanye hivyo, nakili folda lote kuanzia juu. Sababu ni kwamba kamkoda ikirekodi mda mrefu inalikata faili kila likifika kama GB 2, na taarifa ya kwamba 00001 na 00002 ni klipu moja iko kwenye yale mafaili mengine unayoyaona hayana maana. Ukiyaacha, pale kwenye maungio unaweza kupoteza kipande kidogo cha sauti, na kipande hicho unakuta ndo katikati ya kiapo. Premiere (programu ya kuediti ya Adobe) ukiifungua kadi kupitia Media Browser, folda likiwa kamili, inaziunga yenyewe.

Canon za zamani nazo zinakata faili kwenye GB 4. GoPro nazo zinakata, na zina mtego wao wa majina: klipu namba 0123 kipande cha kwanza kinaitwa GX010123, cha pili GX020123. Sasa ukipanga kwa jina, baada ya GX010123 inakuja GX010124 ambayo ni klipu nyingine kabisa, na kile kipande cha pili kinaenda kukaa mbali huko chini. Kwa hiyo GoPro zipange kwa zile namba nne za mwisho, sio kwa jina zima. (GX ni HEVC, GH ni H.264, itakusaidia mbele.)

Tengeneza folda moja ya kazi, ndani kila kamera folda lake: A_SONY, B_CANON, C_KAMKODA, D_SIMU, E_DRONI, F_SAUTI. Nakala moja kwenye mashine, nyingine kwenye hadi diski ya nje, na kadi zisifutwe mpaka umehakikisha zote mbili zinafunguka.

Za simu za ndugu usizipokee kama video ya kawaida ya WhatsApp, inaibana video mpaka sura zinakuwa vibokisi. Mwambie atume kama dokumenti, hapo faili linafika lilivyo, na WhatsApp inaruhusu dokumenti mpaka GB 2. Kama ni kubwa zaidi, flashi au waya.

2. Jua hasa una nini mkononi

Pakua MediaInfo, ni ya bure. Fungua faili moja la kila kamera uangalie. Usidanganyike na herufi za mwisho wa jina: .mp4, .mov, .mts ni gunia tu, kilichomo ndani ndo kodeki, na mp4 mbili zinaweza kuwa na vitu tofauti kabisa ndani. Kubadili jina kutoka .mts kwenda .mp4 hakugeuzi chochote.

Vitu vya kuandika pembeni kwa kila kamera ni hivi: kodeki (AVC ndo H.264, HEVC ndo H.265), ukubwa wa picha, fremu kwa sekunde, kama fremu ni "Constant" au "Variable", kama picha ni "Progressive" au "Interlaced", biti 8 au 10, na sauti ni kHz ngapi. Dakika 5 za kazi hii zinakuokolea usiku mzima.

Kwa nini kodeki inasumbua mashine? H.264 ni ya 2003 na H.265 ni ya 2013, na zote zilitengenezwa ili faili liwe dogo la kutunza na kutuma. Kamera nyingi na simu haziandiki kila fremu kamili. Inaandikwa fremu moja nzima, alafu zinazofuata zinaandikwa tofauti tu, nini kimesogea, nini kimebaki. Kuangalia kwa mfululizo ni rahisi. Ila ukiediti unarukaruka, unarudi nyuma, unaenda mbele, na kila ukigusa fremu ya katikati mashine inabidi irudi mpaka ile fremu nzima ianze kukokotoa upya. Sasa kamera nne kwa pamoja, i5 ya zamani yenye RAM ya GB 8, lazima igande. Sio kwamba laptop yako ni mbovu.

3. Amua kipimo cha mradi

Kwetu Tanzania na Kenya umeme ni Hz 50, na kipimo kinachotuhusu ni fremu 25 kwa sekunde. Taa za ukumbini zinapepesa kufuata umeme, kwa hiyo kamera yenye fremu 25 na shata 1/50 haionyeshi ile mistari inayopanda na kushuka. Simu zikitoka kiwandani zinarekodi 30 na mara nyingi ndo hizo unaona taa zinacheza.

Kwa kazi nyingi mimi nasema: 1920 kwa 1080, fremu 25, Rec.709 (kipimo cha rangi cha TV za kawaida), sauti 48 kHz. Hata kama Sony na droni zimepiga 4K, acha ziwe 4K ndani ya mradi wa 1080, utapata nafasi ya kusogeza picha karibu bila kuharibika. Mteja akitaka 4K kweli kweli, basi kamera zote kubwa ziwe 4K, sio moja 4K na nyingine umezivuta kwa nguvu.

Sasa zile zenye fremu nyingine zinaingiaje kwenye 25:

Ya 50 inaingia vizuri kabisa, inaachwa fremu moja inachukuliwa moja. Ya 30 inatupa fremu moja katika kila sita, na hiyo utaiona kamera ikizunguka au wasimamizi wakiingia kwa kucheza, kuna kakwikwi fulani. Kwa mtu aliyekaa anaongea hakuna atakayeona. Ya 60 ndo inasumbua kidogo kwa sababu 60 kwa 25 haigawanyiki sawasawa, ila kwa slo-mosheni ni tamu, ukiiambia programu isome faili hilo kama 25 unapata mwendo wa asilimia 41.67, kila fremu inatumika, hakuna kukwama. Ile ya 30 nayo ukiisoma kama 25 inakuwa asilimia 83.3, mwendo wa upole, unafaa sana kwa droni na kwa keki ambako hakuna sauti unayoihitaji. Kwenye Premiere hiyo iko "Interpret Footage", kwenye DaVinci Resolve (programu nyingine ya kuediti) iko "Clip Attributes".

Kuhusu Resolve, weka fremu 25 kwenye mipangilio ya mradi KABLA hujaingiza klipu hata moja. Ukishaingiza inajifunga. Alafu klipu ya kwanza ukiingiza ya simu, itakuuliza kama unataka kubadili mradi ufuate hiyo klipu, bonyeza hapana.

4. Geuza zile korofi tu

Sio lazima ugeuze kila kitu. Sony ya fremu 25 na Canon ya fremu 25 ziache kama zilivyo, utazitengenezea proksi tu (nakala nyepesi za kueditia, hatua ya 5). Korofi ni tatu.

*Simu.* Hii ndo chanzo namba moja cha sauti kuuacha mdomo. Simu hairekodi fremu kwa kasi moja. Mwanga ukipungua, mfano MC amezima taa ili keki iingie, simu inapunguza fremu ili kila moja ipate mwanga zaidi, inashuka kutoka 30 mpaka 27, 24, alafu inapanda tena. Simu ikipata moto nayo vilevile. MediaInfo itakuandikia "Variable" na itakuonyesha ya chini kabisa na ya juu kabisa. Sauti yenyewe inatembea kwa saa, haijali fremu. Programu ikihesabu fremu kana kwamba zote ni 30, picha na sauti zinaachana kidogokidogo na kadiri klipu inavyokuwa ndefu ndo pengo linakua. Premiere tangu 2018 inajitahidi kuzielewa, ila kwa klipu ndefu ya hotuba mimi siiachii, nageuza.

Programu ya kugeuzia ni FFmpeg, ya bure, inaandikwa kwa amri. Kama amri zinakutisha tumia Shutter Encoder, nayo ya bure, ina vitufe na ndani yake inafanya kazi na FFmpeg hiyohiyo. Amri yenyewe:

ffmpeg -i simu.mp4 -vf "fps=25,scale=1920:-2" -c:v prores_ks -profile:v 1 -pix_fmt yuv422p10le -c:a pcm_s16le -ar 48000 simu_25.mov

Maana yake: chukua faili la simu, lipange kwenye fremu 25 zisizobadilika kwa kufuata mda halisi wa kila fremu, upana uwe 1920, liandike kwa kodeki ya ProRes LT (namba 1, namba 0 ni Proxy, 2 ni ya kawaida, 3 ni HQ), sauti isibanwe na iwe 48 kHz. ProRes inaandika kila fremu kamili, ndo maana mashine inaifurahia. Ila andaa nafasi, LT ya 1080 kwa fremu 25 inakula kama GB 38 kwa saa moja, wakati hiyo saa moja ya iPhone ya 1080 ya HEVC ilikuwa haifiki hata GB 4. Kwa hiyo kata kwanza, kama mjomba amekutumia dakika 40 na wewe unataka dakika 3, ongeza -ss na -t mbele ya -i ugeuze zile dakika 3 tu.

Kama ni folda zima kwenye Windows, fungua dirisha la amri ndani ya hilo folda:

for %i in (*.mp4) do ffmpeg -i "%i" -vf "fps=25,scale=1920:-2" -c:v prores_ks -profile:v 1 -pix_fmt yuv422p10le -c:a pcm_s16le -ar 48000 "%~ni_25.mov"

Iache inafanya, nenda kale. Kama umeme wa mtaani kwenu hauaminiki, ufanye kwenye laptop yenye betri inayoshika, kwa sababu .mov iliyokatikia njiani haifunguki.

(Video ya simu iliyopigwa wima usiipitishe kwenye amri hii, toa kale kasehemu ka scale. Ukifika kwenye taimulaini iweke katikati na nyuma yake weka nakala yake yenyewe, umeikuza na kuitia ukungu. Inapendeza kuliko mabango mawili meusi.)

*Kamkoda ya 50i.* Ikiandikwa "Interlaced" maana yake kila fremu imesukwa na nusu mbili za mistari zilizopigwa kwa wakati tofauti kidogo. Kwenye taimulaini ya progressive (fremu nzima nzima) mkono ukipita haraka utaona meno kama ya kitana pembezoni. Usiikuze wala kuipunguza ikiwa bado na mistari hiyo, isafishe kwanza:

ffmpeg -i kamkoda.mts -vf bwdif=mode=send_frame -c:v prores_ks -profile:v 1 -pix_fmt yuv422p10le -c:a pcm_s16le -ar 48000 kamkoda_25p.mov

Ukiandika send_field badala ya send_frame unapata fremu 50 badala ya 25, ambazo zinakupa slo-mosheni ya nusu mwendo kutoka kwenye kamkoda ambayo watu wanaidharau. Jaribu kwenye shangazi anayerusha vitenge.

*iPhone za HDR.* Kuanzia iPhone 12 simu inaweza kurekodi HDR (picha yenye mwanga mpana kuliko wa TV za kawaida), na ukiileta kwenye mradi wa Rec.709 unakuta shela jeupe limelipuka na sura zinang'aa kama zimepakwa mafuta, au kinyume chake picha nzima imepauka. Hii usiisahihishe kwa kupunguza mwanga kwa mkono. Kwenye Resolve weka "Color Space Transform" kwenye klipu hiyo: kuingia ni Rec.2020 na HLG, kutoka ni Rec.709 na gamma 2.4. Premiere mpya zina kipengele cha kuishusha HDR chenyewe, hakikisha kimewashwa. Na kama bado hamjaenda kwenye shughuli, mwombe mwenye simu azime HDR kwenye mipangilio ya kamera, na kwenye "Formats" achague "Most Compatible". iPhone ina sehemu ya kuwasha PAL pia (kipimo cha nchi za fremu 25), hapo inapata fremu 25 yenyewe. Bora zaidi aweke app ya Blackmagic Camera, ni ya bure kwa iPhone na Android, anafunga fremu 25, shata 1/50 na waiti balansi, na hapo simu inakuwa kamera ya maana kabisa.

5. Proksi

Proksi ni nakala nyepesi unayoeditia, alafu wakati wa kutoa kazi programu inarudi kwenye faili halisi. Kwa mashine za kawaida hili sio jambo la kubembelezana, tengeneza. Resolve: chagua klipu zote, bofya kulia, "Generate Proxy Media". Premiere: bofya kulia, "Proxy", "Create Proxies". Chagua ProRes Proxy au DNxHR LB (zote kodeki za kueditia), nusu ya ukubwa au hata robo kama ni 4K. Izingatie hii: proksi lazima iwe na fremu zilezile na njia za sauti zilezile na faili mama, la sivyo Premiere inagoma kuziunganisha au sauti zinabadilishana nafasi.

Na proksi haitibu simu ya fremu zinazobadilika. Ukitengeneza proksi ya faili korofi, bado ni korofi. Ndo maana hatua ya 4 iko kabla.

Kitu kingine cha Resolve ya bure: ile ya Linux haifungui H.264 wala H.265, na hata ya Windows ina mipaka yake kwenye biti 10 za 4:2:2 (faili lenye taarifa nyingi zaidi za rangi) zinazotoka kwenye Sony na Canon mpya. Ukiona klipu ina sauti ila picha nyeusi au nyekundu "Media Offline", usiirudishe kamera dukani, ligeuze faili kwa amri ya hapo juu.

6. Kuoanisha sauti

Hapa ndo penye utamu na hapa ndo kazi ya bei rahisi na kazi ya bei nzuri zinapoachana.

Sauti kuu ni ile ya mikseri au rekoda. Kama DJ amekupa MP3, iangalie, mara nyingi ni 44.1 kHz. Igeuze iwe WAV ya 48 kHz kwanza:

ffmpeg -i dj.mp3 -ar 48000 dj_48.wav

Alafu kila kamera iwe imerekodi sauti yake, hata kama ni mbovu, kwa sababu hiyo ndo programu inaitumia kutafuta ulinganifu. Mtu akizima maiki ya kamera "kwa sababu tuna rekoda" amekuongezea masaa ya kazi. Premiere: chagua klipu, "Create Multi-Camera Source Sequence", ulinganishe kwa sauti. Resolve: "Create New Multicam Clip", "Angle Sync" weka "Sound". Ikishindwa, na itashindwa pale mziki mkubwa umevunja maiki, tafuta tukio lenye mlio mkali unaoonekana: chupa ya shampeni ikifunguliwa, glasi zikigonganishwa, kofi la kwanza. Kabla ya shughuli mkiweza washeni kamera zote zirekodi, mmoja apige kofi moja mbele ya zote. Na saa za kamera zote mziweke sawa asubuhi, ukija kupanga klipu utashukuru.

Sasa kuna kitu wengi hawakijui. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde. Kwa fremu 25 hiyo ni karibu mita 14 kwa kila fremu moja. Kamera iliyoko mita 28 nyuma ya ukumbi inaisikia spika fremu mbili nyuma ya tukio. Programu ikioanisha kwa sauti, inaivuta picha ya kamera hiyo ianze fremu mbili mapema, sauti zinalingana kabisa ila mdomo wa MC kwenye kamera ya nyuma unawahi. Fremu mbili macho yanaziona. Kwa hiyo baada ya mashine kuoanisha, kagua kila kamera kwa macho: tafuta neno lenye P, B au M, simamisha pale midomo inapoachana, angalia kama sauti inapasuka hapohapo. Sogeza picha kwa fremu moja moja mpaka ikae.

Alafu kuna kuachana kwa mda mrefu. Kila kamera na kila rekoda ina saa yake ndani na hakuna mbili zinazokwenda sawa kabisa. Tofauti ya sehemu 50 tu katika milioni inakupa sekunde 0.18 baada ya saa moja, ambazo ni fremu nne na nusu. Ndo ile unaona mwanzo ni safi na mwisho ni ovyo, na hapa sio simu, ni kamera nzuri tu. Wengine wananyoosha sauti kwa asilimia 99.99 na ngapi sijui, inawezekana, ila kwa sherehe njia nyepesi ni kukata. Kila kati ya tukio na tukio, MC akinyamaza au mziki ukibadilika, kata sauti ya rekoda, isogeze fremu moja ikae sawa na tukio linalofuata. Hakuna atakayesikia maungio kwenye ukimya. Ila hotuba usiikate katikati, ikianza sawa acha iende, ndani ya dakika 10 tofauti ni chini ya fremu moja.

7. Rangi

Chagua kamera moja iwe kiongozi, yenye picha bora na yenye mda mwingi kwenye kazi. Nyingine zote zinaifuata. Usijaribu kuzikutanisha katikati.

Kama Sony imepigwa S-Log au droni D-Log (picha iliyopaukishwa makusudi ili rangi zirekebishwe baadaye), kwanza ishushe kwenda Rec.709 kwa LUT (faili la kubadili rangi) ya mtengenezaji au kwa ile "Color Space Transform", ndo uanze kulinganisha. Kulinganisha log na picha ya kawaida kwa jicho ni kujitesa. Canon za zamani nazo zina tabia ya kuandika mwanga kuanzia 0 mpaka 255 badala ya 16 mpaka 235, kwa hiyo ukiona weusi umezama kupita kiasi au umepauka bila sababu, jaribu kubadili "Data Levels" kwenye klipu kabla hujagusa kitu kingine.

Alafu fuata mpangilio: mwanga kwanza, kisha waiti balansi, kisha wingi wa rangi, mwisho ukali. Fungua skopu (grafu za mwanga na rangi), macho yanachoka saa saba usiku ila skopu haichoki. Weka fremu ya kamera kiongozi pembeni na fremu ya kamera nyingine ya sekunde hiyohiyo. Kitu cha kulinganishia ni shela la bibi harusi au shati la mpiga kinanda, kitu cheupe kilichopigwa na taa za kawaida, sio zile LED za zambarau. Mahali ambapo taa ni zambarau acha iwe zambarau, usipigane nayo, utaishia kuharibu ngozi.

Ngozi ndo kazi yenyewe. Kwenye vekta skopu, ile grafu ya duara ya rangi, kuna mstari wa ngozi, na ngozi za watu wote, mweusi tii mpaka mweupe, zinakaa karibu na mstari huohuo kwa sababu rangi yake inatokana na damu na melanini ileile, kinachotofautiana ni mwanga wake na wingi wa rangi. Kata sehemu ya paji la uso, angalia inaelekea wapi, irudishe kwenye mstari. Kwenye mwanga, usimpandishe mtu mweusi afanane na mtu maji ya kunde aliyesimama pembeni yake. Simu inafanya ujinga huo yenyewe, inaona uso mweusi inaongeza mwanga mpaka shela linapotea michoro yote. Bwana harusi mweusi apewe weusi wake wenye mng'ao, shela libaki na nakshi zake, na kama ni lazima uchague moja, linda shela, kwa sababu mweupe uliolipuka haurudi ila uso ulio gizani kidogo unainuka. Watu wataiangalia hii video miaka 20, wanastahili kujiona walivyo.

Simu pia zinanoa picha kupita kiasi. Punguza wingi wa rangi kidogo na uilainishe kidogo, itaacha kupiga kelele kati ya kamera mbili kubwa.

8. Kukata

Hapa sina mengi. Multikamu (kamera zote zilizooanishwa kama klipu moja) ikishakaa sawa, cheza, bonyeza 1, 2, 3 kubadili kamera, alafu rudi usahihishe maungio. Kamera dhaifu usiipe mda mrefu, sekunde tatu za simu katikati ya Sony zinapita, sekunde 20 zinaonekana.

9. Kutoa kazi

Wakati wa kurenda (kutoa video ya mwisho) hakikisha programu inatumia mafaili halisi na sio proksi. Toa kwanza nakala kuu ya ProRes au DNxHR kama una nafasi, alafu kutoka hapo ndo utoe za mteja, ili marekebisho ya jina lililokosewa yasikulazimu kurenda upya kamera tano.

Ya mteja iwe H.264, biti 8, 1080, fremu 25, sauti AAC 48 kHz. Usimpe HEVC ya biti 10, TV nyingi za majumbani zitasema faili halifunguki na simu itakuja kwako. Kumbuka pia flashi nyingi zimefomatiwa FAT32, haipokei faili linalozidi GB 4. Kwa Mbps 8 saa moja ni kama GB 3.7 pamoja na sauti, inaingia. Sherehe ya masaa matatu igawe sehemu tatu, ikatie mahali panapoeleweka, kanisani, ukumbini, zawadi, au fomati flashi kwa exFAT kama una uhakika TV yao inaisoma. Na kabla hujakabidhi, ichomeke kwenye TV, ruka mpaka hotuba ya mwisho kabisa, uangalie mdomo na sauti pale.